Simu Iliyoita Ndani ya Beseni

Suruali ya polisi ilianza kuita ndani ya beseni langu.

Nilikuwa nimeshailoweka, nimeshatia sabuni, nimeshainama kuanza kusugua. Mara nasikia kitu kinanguruma chini ya povu, halafu wimbo ukatoka, unakwamakwama kama mtu anayeimba huku anasukutua.

Nikarudi nyuma mpaka nikakalia ndoo.

Hiki kisa sijahadithiwa na mtu. Beseni ni langu, mikono ni yangu, na aliyelia ni mimi. Mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mimi ni dobi. Nafulia watu uani kwangu: wanaume wasio na wake, mafundi wa kazi za kuchafuka, na wale wavivu ambao hata soksi zao zinawashinda.

Katika wateja wangu alikuwepo Afande. Askari wa kituo cha hapa hapa, mtu wa taratibu, anasalimia wakubwa kwa wadogo, sare zake analeta zimekunjwa utadhani zimeshafuliwa. Kwa sababu yake mtaani walinibatiza Mama Sare. Siku ninayoanika zile sare, uani kwangu hakatizi mtu. Hata vijana waliozoea njia ya mkato wanazunguka kule mbali.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Pacha, alikuwa haishi kuniandama.

"Hivi kweli unawafulia hao? Siku wakikugeuka usije kunililia hapa."

"Jasho halina cheo," nilikuwa namjibu. "Na wao wana mama zao kama wewe."

Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa wakili wao pale mtaani. Bila kulipwa.

Sasa, kazi yetu ina sheria. Nguo ya mtu ikifika, kabla haijaona maji, unakagua mifuko. Nimeshatoa humo funguo, meno ya bandia, hata pete ya ndoa ya mwanaume aliyeniapia hajaoa. Lakini siku hiyo maji yalikuwa yametoka baada ya kukatika kwa muda, kila mtu anakimbizana na ndoo. Nikasema niloweke kwanza, mifuko baadaye.

Hiyo baadaye ndiyo iliyoanza kuimba.

Niliitoa. Simu kubwa, nzuri, ya gharama. Ikaita kidogo mkononi mwangu, ikazima kimya.

Nikajua leo nimekwisha. Simu ya Afande nimeifua na sabuni ya unga.

Bahati nzuri, au niseme bahati mbaya, mdogo wangu ni fundi simu. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma. Mezani kwake kuna taa ya kuinama, spiriti, mswaki wa kusafishia, na simu za watu zimelala vifua wazi kama wagonjwa. Yule kijana Mungu alimpa utulivu wote, mimi akanipa mdomo.

Aliigeuza, akainusa.

"Dada, hii imekunywa sabuni kweli kweli. Angalau haitakuwa na vijidudu."

"Acha utani. Mwenyewe ni polisi, kesho anafuata nguo zake."

"Basi kesho ataikuta inapumua. Nenda kafue, uniache nifanye kazi."

Wifi yangu, mkewe, alikuwa kwenye kiti pembeni anamnyonyesha mtoto wao. Akacheka, akaniambia, "Wifi, siku nyingine loweka na mwenyewe Afande." Tukacheka wote. Nakumbuka hicho kicheko kwa sababu sijakisikia tena kwenye ile familia.

Kesho yake mchana mdogo wangu akanipigia.

"Imewaka. Ila Afande wako ana mambo. Kwenye kioo kuna picha ya nesi mzuri huyo, amevaa sare yake, anacheka."

"Mchepuko," nikasema.

"Mchepuko," akakubali.

Muda mfupi baadaye akapiga tena. Safari hii hakuwa na utani.

"Dada, yule nesi amepiga hii simu. Anasema ni ya kwake, si ya Afande wala nani. Anaililia. Nimemwelekeza, yuko njiani."

Nikakaa juu ya rundo la nguo chafu nikawaza. Na mimi, na akili zangu timamu, nikapata jibu: Afande amemnyang'anya mwizi. Anaitunza mpaka mwenyewe apatikane. Si ndiyo kazi yao?

Kwa hiyo Afande alipoingia uani kuchukua sare zake, nilimpokea meno yote nje.

"Afande, nisamehe sana, niliiloweka simu bila kujua. Lakini usiwe na wasiwasi, mdogo wangu ameitengeneza. Halafu kuna habari njema. Mwenyewe amepatikana! Anaifuata sasa hivi pale dukani."

Alikuwa ameshika kola ya shati anaangalia kama imetakata. Mkono ukasimama.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye simu. Nesi mmoja."

"Hilo duka liko wapi?"

Nikamwelekeza. Tena kwa moyo mkunjufu, kona kwa kona, nikamwambia asije akapotea pale kwa kinyozi. Akaondoka bila nguo zake. Ule mwendo wake haukunipendeza, nikavaa kandambili nikamfuata.

Nilipofika, watu walishajaa. Afande alikuwa amempitia mwenzake njiani, wamesimama wawili wameziba mlango. Mdogo wangu yuko nyuma ya meza yake. Mbele ya meza, yule mwanamke wa kwenye picha, ameibana simu kifuani kwa mikono miwili.

"Dada, hiyo simu ni yako?" Afande alimuuliza. Sauti ya upole kabisa.

"Ndiyo."

"Umeikuta kwa nani?"

Nesi alimwangalia Afande. Akamwangalia tena, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akainamisha kichwa.

"Kwa huyu hapa."

"Ndiye aliyekuibia?"

Midomo ilikuwa inamtetemeka, na mimi nikadhani ni hasira.

"Ndiye," akasema.

Mdogo wangu alicheka. Wallahi alicheka. Alidhani ni mkanganyiko mdogo tu, utanyooka.

"Dada yangu, si umenipigia mwenyewe nikakuelekeza njia? Mwizi gani anamwita mwenye mali aje dukani kwake?"

Walimfunga pingu akiwa bado ameshika ule mswaki.

Nikapenya katikati ya watu. "Afande, simu ilikuwa kwenye suruali yako. Si nimetoka kukwambia sasa hivi, uani kwangu?"

Akanigeukia polepole.

"Mama, mimi na wewe tunajuana?"

Mimi, mwenye mdomo wa kugawia mtaa mzima, nikajikuta naangalia kandambili zangu. Afande akanyoosha mkono kwa nesi, akaitoa ile simu kifuani kwake bila kumvuta. "Hii sasa ni kielelezo," akasema. Wakaondoka na vyote viwili, simu na ndugu yangu.

Kituoni kuna benchi la mbao ambalo mgongo wangu unalijua mpaka leo.

Kaunta alikuwepo askari wa kike. Nikamweleza yote: suruali, beseni, duka, nesi. Alinisikiliza bila kuandika neno. Nilipomaliza akainama karibu na mimi.

"Dada, hiyo simu ilifikaje kwa mdogo wako?"

"Mimi nilimpelekea."

"Kwa hiyo wa kwanza kukutwa na mali ya wizi ni wewe."

"Niliitoa mfukoni kwa Afande."

"Nani aliona?"

Uani nilikuwa peke yangu.

"Nenda nyumbani," akaniambia, na nadhani kwa namna yake alikuwa ananihurumia. "Nikiandika hayo uliyosema, leo hulali kwako. Na mdogo wako hatoki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kesi ya ngedere nimempelekea nyani. Na nikisema ukweli, ukweli wenyewe unanifunga mimi.

Mdogo wangu ana pumu tangu utoto. Dawa yake ya kuvuta nilikuwa nayo mkononi. Nikaomba apelekewe.

"Weka hapo," akasema mwingine aliyepokea zamu.

Nikaiweka juu ya kaunta. Kesho yake asubuhi niliikuta pale pale, imesogezwa tu kidogo kupisha kikombe cha chai.

Nililia pale mbele yao. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniuliza nalia nini. Walikuwa wanapiga stori zao za mpira.

Mngeniuliza kama waliniomba chochote, ningesema hapana. Wangeniomba, ningejua pa kuanzia. Ningeuza pasi, ningekopa kwa ndugu, ningehangaika kama wanavyohangaika wengine. Afande hakutaka kitu changu. Alitaka mtu mmoja awe mwizi ili mwingine asiwe.

Nikasema, nimebaki na nesi. Yeye aliibiwa, yeye anamjua kwa sura aliyemwibia. Akitulia, hasira ikimwisha, atasema jamani nimekosea, si huyu.

Nikamfuata kwenye zahanati anayofanya kazi. Mlinzi akaingia ndani, akatoka, akaniambia nesi hayupo. Nikiwa nageuka nikamwona dirishani, amesimama nyuma ya pazia na sare yake. Pazia likafungwa.

Nilimlaani yule mwanamke. Sitawaficha. Nilimlaani kwa majina ambayo mama yangu akiyasikia angenipiga kofi.

Nyumbani nako hali mbaya. Wifi yangu alikuja na mtoto mgongoni, macho yamemvimba.

"Wifi, mume wangu hajawahi kushika hata kalamu ya mtu. Ulimpa kitu gani wewe?"

"Nilimpa kazi, wifi. Nilidhani nimempa kazi."

"Basi karudishe hiyo kazi kwa mwenyewe, mimi nirudishiwe mume wangu."

Na Mama Pacha, yule yule aliyekuwa ananionya, asubuhi nilimsikia bombani anawaambia wenzake, "Ah, polisi nao hawamkamati mtu bure. Lisemwalo lipo. Hizo simu anazotengeneza mnajua zinatoka wapi?" Mwanamke asiyewaamini polisi hata wakimwambia leo ni Jumatatu, siku hiyo aliwaamini.

Nilijaza ndoo yangu nikaondoka.

Mchana mmoja, jua linawaka, Afande akaingia uani. Hana sare, kavaa fulana tu na suruali ya kawaida. Mkononi kabeba furushi la nguo chafu.

Alivuta kigoda akakaa. Mimi nilibaki nimesimama, povu linanichuruzika viwikoni.

"Mama, habari za hapa?"

"Nzuri," nikasema. Ulimi huu huu.

"Mdogo wako ni kijana mzuri. Anakohoa sana lakini. Mle ndani si pazuri kwa mtu mwenye kifua."

Nikapiga magoti. "Afande, nakuomba."

"Inuka, mama. Inuka, watu wataona vibaya. Mimi nataka tuelewane kitu kidogo tu. Ile simu uliiokota wapi?"

"Ilikuwa kwenye suru..."

"Uliiokota wapi, mama?"

Aliuliza vile vile, bila kupandisha sauti. Nikaangalia lile furushi miguuni kwake.

"Njiani," nikasema.

"Njiani wapi?"

"Pale karibu na bomba."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Basi. Mbona rahisi." Akasimama, akajikung'uta. "Nitazungumza na yule dada alegeze moyo, kesi iishe. Na hizi nguo nitazifuata kesho kutwa. Kola uzisugue vizuri, safari iliyopita zilibaki na weusi."

Jioni yake mdogo wangu alitoka.

Mnadhani nitawaambia tulifanya sherehe. Alitoka amekonda, anatembea kwa kushika kuta. Nilimkumbatia, akaniacha nimkumbatie. Hakuniuliza kitu na hakunilaumu, ningependa hata angenitukana.

Fundi simu mwenye jina la wizi hana kazi. Nani atamwachia simu yake? Wiki hiyo hiyo mwenye kibanda akamwambia atafute pengine, kwamba yeye hana ubaya naye ila wateja wanasema. Vifaa vyake viko uvunguni kwangu ndani ya mfuko. Wifi alikwenda kwao na mtoto, alisema ni kwa muda. Mdogo wangu sasa anaamka, anakaa mlangoni kwangu, na pikipiki yoyote ikipita kwa kasi anasimama aingie ndani.

Utani wake uliisha. Namchokoza makusudi ili anijibu, ananiangalia tu.

Sasa sikilizeni lililonifanya niandike.

Juzi nilikuwa uani nafua. Nikasikia hodi ya sauti ndogo. Nageuka, namwona nesi.

Nilishika ndoo ya maji. Mungu ananiona, nilitaka kummwagia.

"Dada," akasema, "nimwagie tu. Lakini nisikilize kwanza."

Akaniambia simu yake haikuibiwa na kibaka. Alikuwa anatoka zamu, akasimamishwa barabarani, akaambiwa afungue mkoba. Aliyemsimamisha aliitoa ile simu, akaigeuza, akasema inafanana na simu inayotafutwa, itabaki kwa uchunguzi, aifuate kituoni. Akaifuata kituoni. Akaambiwa hakuna simu ya namna hiyo na wala hakuna askari aliyekuwa barabara ile.

"Aliyekusimamisha ni nani?" nikamuuliza.

"Ni yule yule aliyesimama mlangoni kwa mdogo wako, akaniuliza nani aliniibia."

Nilikaa chini. Kwenye maji, kwenye matope, sikujali.

Alijua. Kumbe tangu lile neno la kwanza alijua. Na siku ile Afande alikuwa hamuulizi, alikuwa anampa nafasi ya kuchagua.

"Ulijua mdogo wangu hana kosa."

"Nilijua."

"Ukanyoosha kidole."

"Nilinyoosha." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Dada, ile barabara ndiyo njia yangu ya kazini. Napita pale kila siku, peke yangu, na zamu nyingine zinaisha giza limeshaingia. Nyumbani wananisubiri wanangu. Nilimwangalia yule askari usoni nikaona kama ananisubiri niseme. Nikasema alichotaka."

"Na simu yako?"

"Sijapewa. Bado ni kielelezo. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama yangu, sina kwingine ninapoisikia. Nilipoona simu inaita tena, nilikimbia kama mwehu."

Hasira yangu yote nilikuwa nimeitunza kwa ajili yake. Nikaitoa.

"Mtu mzima, msomi, unavaa sare ya kuponya watu. Unamwona anayekuonea, unamjua kwa sura, halafu unamtumikia. Huna aibu? Kwa nini usingekataa?"

Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Na mimi nikaiangalia. Ilikuwa imesharudi ndani ya beseni bila mimi kujua, imeshika shati la Afande. Nilikuwa nasugua kola.

"Na wewe, dada?" akaniuliza. Hakuwa ananikejeli, alikuwa anauliza kweli. "Kwa nini usingekataa?"

Nilitafuta jibu. Bado nalitafuta ninapoandika hapa. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alimwangalia nesi, akaniangalia mimi, kisha akasimama akaingia ndani, akafunga mlango.

Nesi aliaga akaondoka. Sikumsindikiza. Nililisuuza lile shati nikalianika, kwa sababu anakuja kulichukua kesho.

Mtaniuliza fundisho. Watu wengi wanaoandika humu hupenda kumalizia na fundisho linalompa mtu nguvu. Mimi sina hilo. Ninalojua ni kwamba Afande hakumpiga mtu, hakupandisha sauti hata siku moja. Kazi yote tulimfanyia sisi. Mimi nilimwonyesha njia ya dukani, nesi akamtafutia mwizi, majirani wakamsaidia kuhukumu, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kweli kabisa, sababu ambayo ukiisikia utaniambia hata wewe ungefanya hivyo.

Ukijikuta siku moja unamchukia aliyemnyooshea ndugu yako kidole, angalia kwanza nani alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nilichelewa kuangalia, na hata sasa nikiwa nimeshaona, sijui nifanye nini.